Tumbawe Lililonywea

Tulipokuwa wageni kwa ndugu yetu huko Muscat, tulikuta sebuleni tangi la kioo lenye maji ya bahari, samaki wachache na matumbawe hai. Miongoni mwao lilikuwamo liitwalo tumbawe nyundo, kwa kuwa ncha za minyiri yake zimetanuka mfano wa kichwa cha nyundo. Likiwa na afya, minyiri hiyo hujaa na kuyumba taratibu pamoja na maji. Siku hiyo lilikuwa limenywea, na kingo nyeupe za kiunzi chake cha chokaa zilikwisha kuonekana.

"Ami, limekasirika," alituambia kijana wa nyumba hiyo, mwenye miaka 12, aliyekabidhiwa kulitunza. Baba yake alikuwa amenunua dawa chupa tatu na kuiongeza nguvu taa. Hapakufaa kitu. Sasa alikusudia kumwondolea mwanawe kazi hiyo.

Tuliomba chumvi ipimwe. Maji ya bahari kwa kawaida huwa na gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo. Ya tangi lile yalifika 39. Tukamuuliza kijana hujazia nini maji yanapopungua. Akajibu kwa uaminifu: maji ya chumvi, kama yale ya mwanzo. Hapo kosa likabainika. Kinachopaa kwa mvuke ni maji matupu. Chumvi hubaki ndani. Kwa hiyo pengo hilo huzibwa kwa maji matamu yaliyosafishwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilijazwa kwa nia njema.

Ndugu yetu alitaka kuirekebisha chumvi usiku uleule. Tulimsihi asifanye hivyo. Tumbawe ni mnyama, na mabadiliko ya ghafla humdhuru hata yanapoelekea kwenye usahihi. Kila siku yalitolewa maji kidogo na kutiwa matamu, chumvi ikashuka gramu moja kwa kila siku mbili. Siku ya nane kipimo kikatulia. Chupa za dawa ziliwekwa kando, taa ikarejeshwa ilivyokuwa. Baada ya majuma matatu tuliletewa habari kuwa minyiri imechomoza tena, ila sehemu moja ya nyama yake imekufa na haikurudi.

Kwa familia zenye tangi kama hilo, tunausia machache. Joto la maji lisipande wala kushuka ovyo; nyuzi 24 hadi 26 zatosha. Mwanga uwe wa wastani, kwa maana ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wadogo mno wanaolitengenezea chakula kwa mwanga huo. Mkondo wa maji uiyumbishe minyiri, usiipige. Jirani yake asiwe karibu: usiku tumbawe hili hunyoosha minyiri mirefu yenye sumu, nayo huwachoma matumbawe wengine hata kuwaua, umbali wa sentimita 20 ni wa busara. Kalsiamu, ambayo hutumika kujengea kiunzi, ipimwe kila juma pamoja na chumvi. Na mnunuapo, tafuteni kipande kilichokuzwa kutokana na tumbawe la tangini, si kilichong'olewa baharini. Biashara ya matumbawe haya baina ya nchi na nchi huhitaji kibali chini ya mkataba wa CITES.

Ama kuhusu kijana, tulimshauri baba yake amwachie kazi yake. Aliyekosa kwa kutojua hanyang'anywi amana, hufundishwa. Alimnunulia kipimo cha chumvi na daftari, na kila Ijumaa asubuhi mtoto huandika tarakimu, kisha humwita baba yake waziangalie pamoja.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.