Andika, Fundi, Kabla Hujaonyesha

Ndugu zangu mafundi wa simu wa Githurai 45, ninyi mnaofungua vibanda kando ya barabara ya Thika kabla umande haujakauka, leo nina neno nanyi. Kazi yenu naiheshimu. Mteja huja na simu ambayo kioo chake kimepasuka nyufa tupu. Fundi huipasha moto, akakibandua kioo cha juu bila kuidhuru skrini ya chini, akabandika kingine, na mteja akapanda matatu ya Ruiru akiongea kwa simu ile ile. Katika kazi hiyo wapo kati yenu waliojitengenezea vifaa visivyouzwa dukani. Nauliza: ni nani aliyeandika alichobuni, siku gani, na kinafanyaje kazi?

Wengi hudhani kioo cha kugusa kilizaliwa na simu ya Apple mwaka 2007. Sivyo. E. A. Johnson alikwisha kuchapisha makala juu yake mwaka 1965, akiwa katika kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza. Kisha huko CERN, kituo cha fizikia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, Frank Beck alitaka chumba cha kuongozea mtambo mpya kisijae swichi na vitufe. Akamwendea Bent Stumpe, mhandisi kutoka Denmark. Stumpe akajibu kwa karatasi aliyoiandika kwa mkono tarehe 11 Machi 1972, akieleza kioo kitakachotambua kidole kwa umeme. Mtambo ulipoanza kazi mwaka 1976, vioo hivyo vilikuwamo. Umeona? Zaidi ya miaka 50 imepita, na karatasi moja yenye tarehe bado inamshuhudia mwenyewe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee walikuwa na biashara akilini waliposema hivyo, lakini ubunifu nao ni mali.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 2005 Apple iliinunua FingerWorks, kampuni ndogo ya Wayne Westerman na John Elias wa Delaware, waliokuwa wamehangaika miaka mingi na vioo vinavyotambua vidole vingi kwa pamoja. Januari 2007 Steve Jobs alisimama jukwaani akasema kampuni yake ndiyo iliyovumbua teknolojia hiyo. Majina ya wale wawili hayajulikani na wengi hata leo, na mimi naliona hilo kuwa deni.

Siku hiyo hiyo Jobs alionyesha jinsi picha inavyorudi mahali pake ukiivuta kupita ukingo. Ombi la hataza, yaani patenti, liliwasilishwa miezi kadhaa baadaye. Huko Marekani hataza ya ujanja huo ilikuwa miongoni mwa zile zilizofanya Samsung ihukumiwe, Agosti 2012, kulipa zaidi ya dola bilioni 1, kiasi kilichopunguzwa baadaye. Lakini Ujerumani, mwaka 2013, mahakama ya hataza iliifuta hataza ya Ulaya ya ujanja huo huo, na ushahidi ulikuwa video ya Jobs mwenyewe akiwa jukwaani. Alionyesha kabla ya kuomba. Ikiwa tajiri mwenye mawakili kila pembe alipoteza haki kwa njia hiyo, fundi wa kibandani atasalimikaje?

Wala msiseme hayo ni ya wazungu. Nkosana Makate wa Afrika Kusini alikuwa mhasibu mwanafunzi tu katika Vodacom alipoandika, Novemba 2000, wazo la ujumbe wa kumwomba mtu akupigie. Hakuwa na hataza. Alishikilia maandishi yake na ahadi ya malipo aliyopewa na kampuni, na tarehe 26 Aprili 2016 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba anastahili fidia.

Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inatoa hataza ya miaka 20, na kwa ubunifu mdogo kuna cheti cha miaka 10 kisichodai ugunduzi mkubwa. Hicho ndicho kinachowafaa wengi wenu. Ukiwa umekwisha kukionyesha kifaa chako, sheria hiyo inakuvumilia miezi 12. Ulaya haikuvumilii hivyo. Nunueni madaftari. Chora kifaa, tia tarehe, shahidi atie sahihi, na kama kijana unayemfundisha ndiye aliyetoa wazo, jina lake litangulie lako. Mlichojifunza kwa wengine msijitwalie.

Najua kuandika ombi kunahitaji mtaalamu, na mtaalamu ana bei. Kwa hiyo nawageukia KIPI, taasisi ya serikali inayotoa hataza, wenye ofisi South C, na wasomi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja: leteni meza Githurai, hata mara moja kwa mwezi, mkae na mafundi hawa na kuwasaidia kujaza fomu.