Ritifaa Si Kifungo cha Usemi

Washairi wenzangu, siku hizi nakutana na tungo nyingi ambazo usemi wa wahusika umefungwa kwa alama moja moja badala ya mbili mbili. Nikiuliza sababu, naambiwa ndivyo wafanyavyo wachapishaji wa Uingereza, na kwamba ukurasa hupendeza. Sikubaliani nao.

Waingereza hawana "ng'", sisi tunayo. Kwetu ritifaa ni sehemu ya herufi. Iondoe, na "ng'oa" ya kung'oa kisiki itageuka "ngoa", ile tamaa yenye wivu. Huku Mbulu na Hanang, ambako ng'ombe ni akiba, ni mahari na ni heshima, alama hiyo tunaiandika kila siku. Waandikao Kiiraqw nao huitumia kuonyesha sauti inayokatika kooni.

Ushahidi bora nilipewa na kijana niliyemfundisha zamani, sasa mtaalamu wa programu. Alinieleza habari za COBOL, lugha ya kompyuta iliyoanza kubuniwa mwaka 1959. Humo, maneno ya kuchapwa hufungwa kwa alama. Ukiandika 'NG'OMBE', kompyuta huona NG, hudhani neno limekwisha, kisha hugomea OMBE. Ili ikuelewe sharti uandike 'NG''OMBE', ritifaa mara mbili. Lakini "NG'OMBE" hupita salama. Kanuni za mwaka 1985 zilitambua alama mbili mbili tu. Zile za 2002 zikaruhusu aina zote mbili. Ruhusa hiyo haikumwondolea ng'ombe wetu taabu.

Mtasema msomaji si mashine, ataelewa. Naam, ataelewa baada ya kujikwaa. Mshairi akidondosha silabi ili mizani itimie, huandika 'kaja badala ya "akaja". Katika utungo uliofunga usemi kwa alama moja, msomaji atajuaje kama mtu ameanza kusema au irabu imemezwa? Akisita hapo, mshororo umekwisha kukatika.

Nakiri kwamba nukuu iliyo ndani ya nukuu huhitaji alama moja. Hapo itumike, tena kwa uangalifu. Kwingineko kote, usemi tuufunge kwa alama mbili, na ritifaa tuiachie "ng'" pamoja na silabi zilizodondoshwa. Anayehariri diwani leo aanze na hilo, kabla hajagusa vina.