Ramani Iliyo Bubu

Wako wachoraji wa ramani za kompyuta wadhanio kuwa wingi wa alama za kubonyeza ndio hadithi. Hilo ni kosa. Tazama Kahe: mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Smuts yaliwaondoa Wajerumani hapo, penye stesheni ya reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Mishale ya majemadari huchorwa upesi. Walakini mpagazi aliyewabebea mizigo, na Mkahe ambaye vita vilipigwa nchini kwake, hawatiliwi hata nukta. Kwanza na iulizwe: nani asimulia, naye msomaji aanzie wapi na kuishia wapi? Hadithi itangulie, alama zifuate. Ramani iitikiayo kidole pasipo kumtaja mwenye nchi ni bubu, ijapokuwa yameta.