Vijana hawakuwaacha wazee: ni sisi hatukuwapa njia ya kuwasikia

Hapa Bukavu, kijana akipiga gitaa ama saksofoni kwa namna isiyozoeleka, lawama haichelewi: mkataa kwao ni mtumwa. Wazee wanasema muziki wa sasa hauna mizizi. Vijana wanajibu kwamba nyimbo za wazee ni za jana, na kwamba msanii ana haki ya kupiga kile anachosikia moyoni. Mabishano haya yanasikika Ibanda, Kadutu na Bagira, kwenye kwaya na kwenye studio ndogo, na mara nyingi yanaisha bila mtu kumshawishi mwenzake.

Maoni yetu ni kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya swali lisilo lenyewe. Kabla ya kuuliza kama kijana anawaheshimu wazee wa muziki, tuulize kwanza: akitaka kuwajua, atawasikia wapi? Ili kuonyesha uzito wa swali hili, tuangalie muziki ambao dunia nzima inauchukua kama mfano wa kuvunja kanuni: jazi huru.

Waliovunja kanuni walizijua

Ornette Coleman alipoanza kupiga katika klabu ya Five Spot, New York, mwezi wa 11 mwaka 1959, wapenzi wa jazi waligawanyika. Saksofoni yake haikufuata mpangilio wa akodi ambao wenzake walikuwa wameutegemea miaka mingi. Miles Davis alisema maneno makali juu yake. Desemba 1960 Coleman aliingia studio na wenzake saba, wakajigawa makundi mawili ya watu wanne wanne, wakapiga kwa pamoja. Santuri hiyo iliitwa Free Jazz, ikatoka mwaka 1961, na jina lake likawa jina la mtindo mzima.

Lakini Coleman alikuwa na kwao. Alizaliwa Fort Worth, Texas, mwaka 1930, na ujana wake aliupitisha akipiga bluzi katika bendi za kuchezesha watu. Bluzi hiyo haikumtoka hata siku moja. Inasikika katika kilio cha saksofoni yake, hata pale ambapo kanuni nyingine zote ameziweka kando.

Albert Ayler vile vile. Wengi waliposikia saksofoni yake ikilia na kutetemeka, walisema ni makelele. Kumbe ndani yake mlikuwa na nyimbo za kanisa na za gwaride. Kama mtoto alipiga saksofoni kanisani pamoja na baba yake, kisha akapiga bluzi na Little Walter, kisha akaingia katika bendi ya jeshi la Marekani. Vyote alivyokusanya njiani alivibeba mpaka mwisho.

Sun Ra, aliyevaa mavazi ya ajabu na kusema kwamba ametoka sayari nyingine, alikuwa amepiga piano katika orkesta ya mzee Fletcher Henderson huko Chicago miaka ya 1946 na 1947. Miaka mingi baadaye, katikati ya muziki wake wa anga za mbali, bado alikuwa akipiga nyimbo za Henderson. Archie Shepp alirekodi mwaka 1964 santuri ya Four for Trane, ambamo alichukua nyimbo nne za John Coltrane na kuzijenga upya. Mwaka 1969 alifika Algiers kwenye tamasha la Afrika nzima, akapiga pamoja na wanamuziki wa Kituareg. Mwaka 1986 kundi la World Saxophone Quartet, saksofoni nne bila ngoma wala piano, lilitoa santuri nzima ya nyimbo za Duke Ellington.

Mwendo huo unaendelea mpaka leo. Matana Roberts, mpiga saksofoni aliyetoka Chicago, alianza mwaka 2011 kutoa mfululizo wa albamu unaoitwa Coin Coin. Jina hilo linamkumbuka mwanamke wa Louisiana wa karne ya 18 aliyezaliwa mtumwa na kufa akiwa huru. Muziki wake ni huru kabisa, na wakati huo huo ni kazi ya kuwatafuta mababu.

Ugomvi wa urithi

Tusidhani kwamba mambo yalikuwa mepesi. Kuanzia miaka ya 1980, mpiga tarumbeta Wynton Marsalis na wenzake walisimama na kusema kwamba jazi ya kweli ina nguzo zake, swingi na bluzi, na kwamba wengi wa jazi huru wamezitupa. Filamu kubwa ya Ken Burns juu ya jazi, iliyoonyeshwa mwaka 2001, ililaumiwa kwa kuipita jazi huru mbio mbio. Wapigaji wa jazi huru walijibu kwamba nao ni watoto wa Ellington na wa Armstrong.

Ugomvi huu tunaujua. Ni ule wa familia baada ya matanga: nani mtoto halali, nani apewe nyumba. Mmoja anaonyesha urithi kwa kuufungia kabatini bila kuugusa. Mwingine anaonyesha kwa kuutumia, hata kama mikwaruzo itaonekana. Sisi tunaona wa pili ana haki, kwa sharti moja: awe anajua alichorithi. Kopi ya wimbo wa mzee, noti kwa noti, haimwongezei mzee maisha. Na uhuru wa mtu ambaye hajawahi kusikia kitu kabla yake unaishia kuwa bahati nasibu.

Hapo ndipo jambo la muhimu linapojitokeza. Watu hao walijifunza katika mahali panapojulikana: kanisani, katika bendi za dansi, kwenye santuri, na kwa wakubwa waliokubali kuwafundisha. Huko Chicago, mwaka 1965, Muhal Richard Abrams na wenzake walianzisha chama cha wanamuziki kinachoitwa AACM. Kilitafuta kumbi, kikapanga matamasha, na kikafungua masomo ya muziki ya bure kwa vijana wa mitaa ya maskini. Art Ensemble of Chicago, kundi lililotoka katika chama hicho, lilijitangaza kama muziki mkuu wa watu weusi, kutoka zama za kale mpaka zijazo. Tangazo hilo lilikuwa na shule nyuma yake.

Na sisi Wakongomani?

Nchi yetu nayo imepita njia hiyo. Joseph Kabasele alianzisha African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ya Franco ikafuata mwaka 1956. Walichukua neno jazz kama alama ya usasa, lakini muziki wao ulikuwa rumba. Desemba 1969 vijana wa Zaïko Langa Langa walikuja na muziki wao: wakaondoa vyombo vya kupuliza, wakayapa magitaa na ngoma nafasi ya mbele, wakairefusha sebene. Hata hivyo waliimba rumba kwanza, kama walivyofanya wakubwa wao, kabla ya kuifungulia sebene. Leo Zaïko wenyewe ndio wanaoitwa wazee.

Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 alikwenda mbali zaidi. Alichukua likembe, chombo cha mababu, akakiunganisha na vipaza sauti alivyojitengenezea kwa vipande vya magari mabovu, ili kisikike juu ya kelele za Kinshasa. Wapenzi wa muziki wa majaribio huko Ulaya na Marekani walishangaa. Mwaka 2010 Herbie Hancock, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa jazi, aliwaweka katika albamu yake. Mingiedi hakuwa amesomea muziki wa majaribio. Alikuwa mpiga likembe aliyekataa chombo chake kinyamaze mjini.

Sasa turudi Bukavu. Kijana wa hapa anayetaka kufanya kama Mingiedi, aanzie wapi? Rumba imeandikwa na UNESCO tangu Desemba 2021, na tunafurahi. Lakini rumba ilikua Kinshasa na Brazzaville. Kivu ina sauti zake: lulanga, kile chombo cha nyuzi cha Bashi kilichochongwa katika ubao, nyimbo za Barega na za Bahavu, ngoma za vijijini. Ni vijana wangapi wa mji huu wamewahi kumsikia mpiga lulanga mzuri kwa muda wa nusu saa?

Kuna jambo la kushangaza hapa. Mwaka 1951 na 1952 mtafiti Mmarekani Alan Merriam alikuja katika nchi hizi akasomea muziki, na nyimbo za Bashi ni kati ya zile alizoandika juu yake. Mtu huyo huyo alitoa mwaka 1954 kitabu kinachoorodhesha maandiko juu ya jazi. Masikio yale yale yaliyofuata jazi yalikaa kusikiliza Bashi. Na nyimbo nyingi za Kongo zilizorekodiwa enzi hizo ziko mbali nasi: katika jumba la makumbusho la Tervuren karibu na Brussels, katika vyuo vikuu vya Marekani, na katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Hugh Tracey mwaka 1954 huko Afrika Kusini. Baadhi zinasikika hata kwenye intaneti. Lakini kijana wa Kadutu anayenunua mega kidogo kidogo atajuaje pa kutafuta, kama hakuna aliyemwambia kwamba zipo?

Kumwambia kijana huyo kwamba amewaacha wazee ni kumwonea. Mtu hawezi kumwacha asiyewahi kukutanishwa naye.

"Huu si wakati wake"

Tunajua watakaotujibu. Watasema tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, familia nyingi zimetawanyika, kazi zimepotea, na kuzungumza juu ya saksofoni ni anasa. Tunaheshimu maumivu hayo. Lakini vita ndiyo sababu ya kuharakisha. Mzee anayekimbia usiku habebi chombo chake. Mwanafunzi wake anakimbilia upande mwingine. Mnyororo uliochukua vizazi unakatika kwa siku moja, na amani ikirudi hakuna wa kuuunga. Tena Bukavu inajua kwamba muziki si pambo tu: huko Panzi, wanawake walioumizwa na vita wametunga na kurekodi nyimbo zao kama sehemu ya kutibiwa.

Wengine watasema jazi huru ni kitu cha wageni. Na iwe hivyo. Hatumwombi mtu aipige. Tunaomba tuchukue funzo lake: aliyekwenda mbali zaidi na kanuni ndiye aliyekuwa amekaa nazo karibu zaidi.

Kazi ya kufanya haihitaji pesa nyingi. Vyuo vyetu vikuu viwaandikie wenye kumbukumbu hizo huko nje, viombe nakala za nyimbo za Kivu, viziweke mahali ambapo mwanafunzi na asiye mwanafunzi wanaweza kuketi na kusikiliza bila kulipa. Redio za mji zifungue makabati yao na kuhesabu kanda zilizobaki kabla unyevunyevu haujazimaliza. Makanisa yenye fanfari na kwaya, na Kanisa la Kimbangu linajulikana nchi nzima kwa fanfari zake, yakubali kuwafundisha vijana wa mtaani hata wasio waumini wao. Ayler alianzia mahali kama hapo.

Na wasanii vijana wana sehemu yao. Simu mnayo. Mtafuteni mzee mmoja, mwombeni ruhusa, mrekodini, andikeni jina lake na la kijiji chake, na mumlipe kitu, kwa kuwa ujuzi wake ni mali. Jifunzeni wimbo wake mmoja mpaka yeye mwenyewe aseme sawa. Kisha uvunjeni mnavyotaka.

Wazee nao wakubali kwamba wimbo ukishapewa kijana, hautarudi nyumbani ukiwa na sura ile ile. Henderson hakujua kwamba nyimbo zake zingeishia katika muziki wa sayari za mbali. Zilifika huko kwa sababu kijana mmoja aliketi kwenye piano yake na kuzijua kwa moyo. Bukavu inao vijana wa namna hiyo, na bado inao wazee wachache. Kilichobaki ni kuwakalisha pamoja, mwaka huu, kabla ya msiba mwingine kutufungia mlango.