Amana ya Majina Yetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu niseme machache juu ya amana ambayo sisi raia huikabidhi serikali kila tutoapo majina, namba za vitambulisho na alama za vidole vyetu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kimetukirimu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikaifafanua. Tena mnamo Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za kitambulisho ziitwazo Huduma kwa kuwa serikali haikutangulia kupima madhara yawezayo kuifika faragha ya watu, hukumu ambayo, kwa rai yangu, ilistahiki kusomwa katika kila afisi.

Lakini langoni mwa afisi moja ya umma hapa Mombasa, ambayo sitaitaja, daftari la wageni hulazwa wazi mezani, kalamu imefungwa kwa uzi, na majina, namba za simu na za vitambulisho vya waliotangulia husomeka na kila apitaye, hata mwenye nia mbaya. Bawabu hana lawama. Ameajiriwa kuandikisha, hakufunzwa kusitiri. Na daftari likishajaa, huenda wapi?

Namsihi Kamishna wa Data awaamuru wakuu wa idara za serikali watangaze hadharani ni habari gani wazikusanyazo, kwa ajili gani, na hufutwa lini.

Wasalaam,
Msomaji wako,
Mombasa