Waraka kwa Wanachama: Juu ya Namna Tunavyotoa

Ndugu zangu wa chama chetu cha kufa na kuzikana, wazee wetu, akina mama, nanyi vijana mliojiunga juzi juzi,

Nawaandikia kwa upendo, ila moyo wangu ni mzito. Chama hakijafilisika. Michango inaingia, daftari la mweka hazina liko sawa. Kinachonisikitisha ni namna tunavyotoa.

Mwezi uliopita tulimpelekea bibi mmoja wa mtaa wetu unga, mafuta ya kula na sabuni. Jambo jema. Lakini kabla hata hajatukaribisha ndani alisimamishwa mlangoni, akapakatishwa mfuko wa unga, akaambiwa ageukie jua ili picha itoke vizuri. Akavuta upindo wa khanga ajifunike uso. Mmoja wetu, kwa upole kabisa, akamwomba aushushe. Kufika magharibi picha ile ilikuwa imezunguka makundi ya WhatsApp ya mtaa mzima. Wiki hii tulipopita tena alitushukuru, akasema chakula anacho. Jirani yake ananiambia jiko lake halijawashwa tangu juzi.

Wapo wanaosema picha ni ushahidi kwa waliochanga. Ndugu zangu, risiti zipo, na hesabu husomwa mkutanoni. Sisi ni Waislamu na Wakristo ndani ya chama kimoja, na katika hili dini zetu hazigombani. Injili ya Mathayo, sura ya 6, inafundisha sadaka itolewe hata mkono wa kushoto usijue kinachofanywa na wa kulia, Mtume Muhammad (S.A.W.) naye alifundisha vivyo hivyo, kwa mfano wa mikono hiyo hiyo. Na Sura Al-Baqara inaonya kwamba masimbulizi huiharibu sadaka. Wazee wetu waliokuwa na kadi za TANU wanakumbuka kuwa ahadi ya kwanza ya mwanachama ilikuwa kwamba binadamu wote ni ndugu. Nani kati yetu angempiga picha mama yake mzazi akipokea unga, kisha akairusha mtaani?

Liko na la pili. Siilaumu simu. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mwenzetu aliye Mwanza anatuma rambirambi kabla turubai halijafungwa, nasi tunamshukuru. Ila hata sisi tunaokaa nyumba ya tatu kutoka msibani tumezoea kutuma na kulala. Katika msiba uliopita daftari lilijaa majina, lakini waliochota maji, wakakoleza kuni na kusugua masufuria ni akina mama wale wale wa siku zote, mmoja wao akiwa na mguu uliovimba. Kaburi lilichimbwa na vibarua wa kulipwa. Chama cha kuzikana kinakodi watu wa kuzika! Walioanzisha chama hiki wengi wao walikuja mjini bila ndugu, na walichokiogopa ni mtu kufa akakosa wa kumsitiri. Fedha wakati ule hawakuwa nazo. Walikuja na majembe yao, wakakesha mkekani.

Ndiyo maana simwelewi anayesema hana cha kutoa. Kumshika mkono mzee hadi kliniki na kumngojea foleni, kumpelekea mgonjwa wodini uji wa moto kwenye chupa ya chai, kumlaza mtoto wa jirani aliyeingia zamu ya usiku: haya hayaulizi kipato. Damu nayo haiuzwi dukani. Mwanaume mwenye afya anaweza kuitoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4, na atakayewekewa hatajua hata jina la aliyempa. Katika yote tunayotoa, sijui zawadi safi kuliko hiyo.

Basi nawasihi, ndugu zangu: kuanzia leo asipigwe picha mtu yeyote anayepokea msaada wetu, na anayeishi jirani na msiba afike mwenyewe, hata kama ameshatuma mchango. Jumamosi saa 2 asubuhi tutakwenda pamoja kutoa damu. Anayekuja aje ameshakula na kunywa maji ya kutosha, na simu aiache nyumbani.

Ndugu yenu,
Mwenyekiti