Shahada ya Uzamivu Si Leseni ya Kusimamia

Vyuo vikuu vyetu vina imani moja isiyoandikwa katika kanuni yoyote, nayo ndiyo inayoongoza masomo ya uzamili na uzamivu: mtu akishavikwa joho la udaktari wa falsafa, basi anaweza kumsimamia mwingine mpaka naye alivae. Imani hiyo ina pacha wake. Mwanafunzi akikwama, kosa ni lake. Ni mvivu, ana shughuli nyingi, au hakuwa na uwezo tangu alipodahiliwa. Pendekeza katika kikao cha idara kwamba wasimamizi wapewe mafunzo, na utajibiwa na watu waungwana kabisa, wanaoipenda kazi yao: "Sisi nani alitufundisha kusimamia? Mbona tumemaliza?"

Ni kweli walimaliza. Lakini wanaosema hivyo ni waliomaliza tu. Walioishia sura ya tatu miaka ileile hawaalikwi kwenye kikao hicho. Wako benki, halmashauri na shule za sekondari, na rasimu zao zimelala kwenye makabati. Huwezi kuujua ubaya wa barabara kwa kuwahoji waliofika salama peke yao. Tena mazingira yamebadilika. Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, na hata miaka mingi baadaye, waliosoma shahada za juu walikuwa wachache, na wengi wao walisoma kwa ufadhili, bila kazi nyingine. Mwanafunzi wa leo mara nyingi ni mwajiriwa mwenye familia, anajilipia ada, na anapanda basi la usiku kuja kumwona msimamizi ambaye huenda asubuhi hiyo ameitwa kwenye kikao cha dharura. Njia iliyomtosha yule wa zamani haimtoshi huyu.

Aliyefanyiwa upasuaji akapona hajawa daktari wa upasuaji. Kuandika tasnifu ni kazi moja, kumwongoza mtu mwingine aandike ya kwake ni kazi nyingine, na hiyo ya pili ina ujuzi wake.

Chukua sura ya mapitio ya maandiko yenye kurasa hamsini. Msimamizi amekaa nayo miezi minne. Inaporudi, kurasa kumi za mwanzo zimejaa wino mwekundu: koma zimeongezwa, tahajia zimesahihishwa, sentensi ndefu zimekatwa. Kuanzia hapo kurasa ni safi, kana kwamba msomaji alichoka au aliitwa. Ukurasa wa mwisho una maneno mawili: "Ongeza kina." Mwanafunzi atafanya nini kesho asubuhi? Ataongeza kurasa, maana ndicho kitu pekee anachojua kuongeza. Sura itafika kurasa sabini, itakaa miezi mingine mitatu, na itarudi na maneno yaleyale. Muhula umekwisha na ada ya mwaka mwingine inadaiwa.

Msimamizi huyo si mtu mbaya. Anasahihisha koma kwa sababu koma zinaonekana, na kwa sababu ndivyo rasimu zake mwenyewe zilivyosahihishwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Msimamizi aliyefunzwa huanza kwa kuisoma sura yote bila kalamu mkononi, akitafuta jambo moja: sura hii inadai nini? Kisha huandika ukurasa mmoja tu. Humwonyesha mwanafunzi mahali ambapo waandishi wawili aliowataja wanapingana bila yeye kuona, humuuliza kwa nini pengo analodai kulijaza ni pengo kweli, humwambia sehemu ipi iondoke, na humpa tarehe ya kukutana tena. Koma husubiri rasimu ya mwisho. Ujuzi huu hauji na umri wala na cheo. Hupatikana kwa mazoezi, na zoezi lake zuri kuliko yote ni rahisi: wasimamizi watano hupewa sura ileile, kila mmoja huandika maoni yake, kisha wanayaweka mezani na kuulizana ni yapi mwanafunzi angeweza kuyafanyia kazi. Wengi watashangaa, si kwa sababu hawajui taaluma yao, bali kwa sababu hawajawahi kuona mwenzao anavyosoma rasimu. Usimamizi wetu hufanyika nyuma ya mlango uliofungwa, na kisichoonekana hakirekebishwi.

Kuna wanaosema tatizo ni idadi ya wanafunzi kwa kila msimamizi, na dawa ni kuipunguza. Kenya ilijaribu njia hiyo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, katika viwango vyake vya mwaka 2014, iliweka ukomo: msimamizi mmoja asizidishe wanafunzi watatu wa uzamivu na watano wa uzamili kwa mwaka. Mwaka 2019 chuo kikuu kimoja cha umma kilipotunuku shahada 118 za uzamivu katika mahafali moja, nchi nzima iliuliza nani aliwasimamia watu wote hao, na tume ikaingia kuchunguza. Swali lilikuwa halali, nami naunga mkono ukomo huo. Lakini ukomo huhesabu vichwa tu. Haumwambii msimamizi afanye nini na hao watatu, na mtu anaweza kumtelekeza mwanafunzi mmoja kama vile angetelekeza ishirini.

Hoja yenye uzito zaidi ni ile inayosema mwanafunzi wa uzamivu ni mtafiti, lazima ajitegemee, na ukimshika mkono unamharibu. Lengo hilo ni sahihi kabisa. Kosa ni kudhani kwamba kujitegemea ndiko anakoanzia. Mtu aliyetoka kwenye shahada za kufuata silabasi hajawahi kuchagua swali lake mwenyewe, wala kukaa na data zinazokataa kusema alichotarajia. Msimamizi mzuri hukutana naye mara nyingi mwaka wa kwanza na hupunguza kadiri anavyokomaa. Anayemwacha mwanzoni, kisha akamvamia mwishoni akitaka nadharia ibadilishwe wiki tatu kabla ya utetezi, hajamfundisha kujitegemea.

Upande wa mamlaka lazima utajwe waziwazi. Msimamizi ana uwezo wa kumchelewesha mtu miaka kwa kutojibu tu barua pepe. Ndani ya uwezo huo ndimo yanamotokea makala ya mwanafunzi kuchapishwa jina la msimamizi likiwa mbele, na ndimo inamotokea rushwa ya ngono, ambayo Tanzania iliifanya kosa la jinai katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Sheria humkamata mtu baada ya madhara. Kinga inapaswa kuwekwa mapema: nchini Uswidi kanuni za elimu ya juu zinamtaka kila mwanafunzi wa uzamivu awe na wasimamizi wasiopungua wawili, na anayeomba kubadilishiwa msimamizi hubadilishiwa. Kwetu, kuomba hivyo huchukuliwa kuwa ni kumshtaki mwalimu wako, na mwanafunzi anayejua kwamba idara ni ndogo hunyamaza.

Nawaelewa wanaoogopa kwamba mafunzo yatageuka semina ya siku moja yenye chai, picha ya pamoja na cheti. Hilo likitokea ni bora fedha zikanunue vitabu. Lakini mafunzo ya maana yapo barani mwetu. Muungano wa vyuo uitwao CARTA, ulioanza mwaka 2008 ukihusisha vyuo kama Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Ibadan, umewakusanya wanafunzi wa uzamivu katika semina za pamoja na kuwaandalia wasimamizi wao warsha zao. Chuo Kikuu cha Stellenbosch kimeendesha kozi ya mtandaoni kwa wasimamizi wa uzamivu kutoka vyuo vya Afrika. Kinachokosekana ni vyuo vyetu kuyafanya mafunzo hayo kuwa sharti, na kuzihesabu saa za usimamizi kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri kama saa za darasani zinavyohesabiwa.

Pa kuanzia ni barua ya uteuzi. Barua nyingi za kumteua msimamizi hutaja jina la mwanafunzi, namba ya usajili na mada ya utafiti, kisha saini. Ziongezwe aya nne: rasimu irudishwe ndani ya wiki tatu, kila kikao kiwe na muhtasari uliosainiwa na pande zote mbili, wasimamizi wawili wakitofautiana, wakubaliane wao kwanza kabla ya kumwita mwanafunzi, na mwanafunzi anayetaka kubadilishiwa msimamizi amwendee mratibu wa shahada za juu, si msimamizi huyohuyo. Na asiyepitia mafunzo asipewe barua hiyo, hata akiwa profesa.